Karatasi ya Msasa

Nauza msasa. Nauza na misumari, rangi, kufuli, bawaba, mabomba na kila kitu ambacho fundi husahau kununua mpaka kazi imfikie shingoni, lakini leo acha tuseme msasa. Duka liko Malindi mjini, mwendo mfupi kutoka soko la zamani. Wateja wetu wakubwa ni maseremala wanaotengeneza vitanda na makabati ya nyumba za Wataliano, na miezi ya kusi, vyombo vikishapandishwa pwani, huja pia mafundi wa mashua. Nifumbe macho, unipe karatasi, niipitishe kidole gumba, nitakutajia namba yake. 60 hukwaruza kama ulimi wa paka. 220 ni shavu la mtu aliyenyolewa jana.

Mwenye duka ni mzee wa Kibohora, mzaliwa wa hapahapa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Ana ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kriketi. Televisheni yake ameiweka juu ya rafu ya makopo ya rangi na kuielekeza kwenye meza ya pesa, ili yeye aione na mteja asiione. Nilipoanza kazi kwake mwaka 2002, kijana wa kubeba saruji, nilidhani wale watu waliovaa nyeupe ni madaktari wanapumzika. Aliniambukiza polepole. Miaka kumi na sita baadaye nilikuwa nabishana naye kuhusu nani angepaswa kurusha mpira saa gani, na mke wangu ananicheka mpaka leo.

Jumamosi tarehe 24 Machi 2018, alasiri. Joto la mwisho wa kaskazi, feni inatuzungushia hewa ileile. Australia ilikuwa ikicheza na Afrika Kusini uwanja wa Newlands, Cape Town, siku ya tatu katika mechi ya siku tano. Mimi nilikuwa chini nahesabu bawaba. Mzee akaniita kwa sauti ambayo huitumia mtu akiiba.

"Njoo uone! Acha hizo, njoo uone!"

Kwenye skrini palikuwa na kijana mmoja wa Australia, Cameron Bancroft, ameshika mpira, na kwenye kiganja cha mkono wa pili kuna kitu kidogo cha manjano. Anasugua. Kamera ikakata, ikarudi. Sasa anakitia kile kitu ndani ya suruali, kwa mbele, haraka haraka, kama mtoto aliyesikia mlango unafunguliwa. Waamuzi walipomwendea akatoa mfukoni kitambaa cheusi cha kuwekea miwani, akawaonyesha hicho.

"Kile cha manjano ni nini?" mzee akauliza.

"Msasa."

"Utajuaje, umbali huo?"

"Mzee, mimi ndiyo kazi yangu."

Jioni yake Bancroft na nahodha wake, Steve Smith, wakakaa mbele ya waandishi wakakiri kwamba walikuwa wakiuchezea mpira. Ila kile kitu, walisema, kilikuwa utepe wa gundi ulioshika mchanga wa uwanjani. Mzee akanitazama kwa jicho la ushindi. Zikapita siku chache ikatoka: ulikuwa msasa. Sikumwambia kitu. Nilichukua tu karatasi moja ya manjano nikaiweka juu ya daftari lake la madeni, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini narudi kwenye alasiri ile. Mzee alifungua droo ya chini akatoa mpira wake wa kale, wa ngozi nyekundu, mshono umeuzunguka kiunoni kama mkanda. Akaanza kunieleza kwa mara ya mia. Mchezo ukiendelea mpira huchakaa, na timu yaruhusiwa kuung'arisha upande mmoja kwa jasho na kwa kuusugua kwenye suruali mpaka uwe kama kioo. Upande wa pili huachwa uchakae wenyewe, kwa nyasi na kwa gongo la mpigaji. Tofauti ya pande mbili ikishakuwa kubwa, mpira ukirushwa kwa kasi hupinda hewani kwenda upande ambao mpigaji hakuutarajia. Huo ndio utamu wenyewe, na ndiyo maana kuchakaa kule kunatakiwa kuje kwa wakati wake.

"Nipe 120," akasema.

Nikamkatia kipande. Akasugua mara tano tu. Vumbi jekundu likaangukia kitabu cha risiti. Upande ule wa mpira ukawa kama goti la mtoto aliyeanguka barabarani.

"Umeona? Mara tano. Wenzako wangoja nusu ya siku."

Akapuliza vumbi, akaufuta mpira kwa kanzu yake taratibu, kama aliyemuumiza mtu bila kukusudia. Kisha akaitazama televisheni tena, Bancroft amerudi mahali pake, uso umemwiva.

"Huyu mtoto hakutoka kwao na msasa," mzee akasema. "Mechi yake ya nane tu hii. Huyu ametumwa."

Hesabu ya bawaba ikanipotea.

Miezi mitatu nyuma, Disemba, mtaa wetu uliingiza timu kwenye mashindano ya soka ya likizo, ya vijana wasiozidi miaka 17. Mtaa siutaji. Wenyewe wanajijua, na majirani zao wanawajua zaidi. Zawadi ilikuwa fahali na seti moja ya jezi. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, kocha alikuwa rafiki yangu wa utotoni, na katibu nilikuwa mimi, kwa sababu nina kalamu na duka lina mashine ya kutoa nakala.

Siku mbili kabla ya ufunguzi kocha alituletea mshambuliaji kutoka nje ya mji. Kijeba. Ndevu ananyoa asubuhi, jioni zishatokeza. Miguu ile, wallahi, ungeilipia kiingilio. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa kinachomfaa, na sisi tukakaa watu watatu nyuma ya duka tukatafuta cha kumfaa. Golikipa wetu wa akiba alikuwa na miaka 16, mpole, hakuna aliyetegemea kwamba angecheza. Nikamwita mimi.

"Lete cheti chako, dogo. Cha safari."

Akaleta. Kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, kinanuka karafuu kwa vile mamake hukiweka sandukuni pamoja na nguo zake za kutokea. Nikajaza fomu: jina la mtoto, majina yote matatu, na kando yake nikabandika picha ya kijeba. Mwandiko ni wangu. Herufi zangu huinamia kulia kama minazi ya ufuoni, kila mwenye risiti ya duka letu anazijua.

Tulishinda mechi zote. Mtaa ulijaa. Hata wazee ambao mpira kwao ni upuuzi walikuja na viti vyao. Na hakuna aliyekuja kwangu akaniuliza yule mshambuliaji ni mtoto wa nani, katika mtaa ambao ukipita na mkoba mgeni utaulizwa mara nne umetoka wapi.

Fainali, dakika kama ya ishirini, kijeba akafunga. Mtangazaji akalisoma jina kwenye spika, majina yote matatu, ameyavuta kwa madoido. Na mwenye jina alikuwa amesimama nyuma ya goli, amevaa ndara, ameshika viazi karai kwenye gazeti, ukwaju unamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Wanafunzi wenzake wakageuka wote kwa pamoja. Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. Alidhani ni mzaha. Kisha nikamwona anaacha kucheka, viazi bado viko mdomoni.

Mchezo ukasimamishwa. Wakamshika mkono wakamleta mezani.

"Wewe nani?"

Akataja jina lake.

"Na yule?"

Mtoto akanitazama. Nami nikaitazama fomu, nikajifanya naisoma.

Fahali akaenda kwa wenzetu. Kamati ya mashindano ilikaa siku mbili ikatoa uamuzi: timu yetu nje kwa mwaka ule, viongozi tukapewa onyo, na jina lile lisiandikwe kwenye fomu yoyote kwa miaka miwili. Miaka miwili kwa mtoto wa 16 ni kumaliza habari ya mashindano ya vijana. Aliyefungiwa hakuwa amegusa mpira.

Sasa sikiliza mtaa ulivyosema. Juma la kwanza, barazani, kahawa zikipita: "Watoto wa siku hizi wapenda pesa. Amekiuza cheti." Bei ilianza shilingi mia tano, Ijumaa ikafika elfu tatu. Juma la pili: "Wale wametuonea wivu tu, kwani wao hawana vijeba?" Juma la tatu kimya, kama kwamba hakukuwa na fainali. Nami nilikuwa palepale, kikombe mkononi. Mtu mmoja alisema dunia imeharibika, na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa nikasema, "Sana."

Mamake alikuja dukani siku ya Jumatatu. Ni mwanamke anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, mikono yake ina alama za mafuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Nipe kufuli. Ndogo, ya sanduku."

Nikamtolea tatu achague. Akazijaribu zote, polepole, funga fungua.

"Aliniambia katibu amekitaka kwa safari ya timu," akasema. "Safari gani ile, mwanangu?"

"Mama, vijana hawa..." nikaanza. Sikumaliza. Akalipa, nikamrudishia chenji yake, akaenda na kufuli yake.

Kwa hiyo mzee aliposema "huyu ametumwa", utafahamu kwa nini sikuweza kuendelea na bawaba. Na jioni ile Smith akasema kwa kinywa chake kwamba viongozi wa timu walilijua jambo, kwamba walilizungumza wakati wa chakula cha mchana. Watu wazima, saa ya chakula. Nikaona nyuma ya duka letu, watu watatu, na sahani moja ya pilau tuliyokuwa tukiila huku tukimchagua mtoto wa kumtumia.

Yaliyofuata nchini mwao yalinishangaza mwanzoni. Baraza la kriketi la dunia, kwa kanuni zake, lilimfungia Smith mechi moja na kumkata malipo yake yote ya mechi ile. Bancroft akakatwa robo tatu. Basi. Kosa la kuharibu mpira si geni. Nahodha wa Afrika Kusini, Faf du Plessis, alitozwa faini mwaka 2016 hukohuko Australia kwa kuung'arisha mpira kwa mate yenye peremende, na mechi iliyofuata akacheza. Lakini Waaustralia hawakutaka kusikia habari ya kanuni. Siku ya pili yake waziri mkuu wao, Malcolm Turnbull, alisimama kuzungumzia aibu ile kama anavyozungumzia msiba. Timu ikasambaratika uwanjani palepale, ikafungwa kwa mikimbio 322, ndiyo mabao ya kriketi. Tarehe 28 chama chao wenyewe kikamfungia Smith na makamu wake, David Warner, miezi 12, na Bancroft miezi tisa. Kesho yake Smith akatua Sydney, akalia mbele ya kamera, babake amemwekea mkono begani. Kocha Darren Lehmann akaachia ngazi.

"Kwa mpira mmoja?" nilimuuliza mzee. "Sisi hapa watu wanaiba pesa za barabara nzima na kesho wako jukwaani." Ilikuwa majuma kama matatu tu tangu wakubwa wetu, Uhuru na Raila, wapeane mikono pale Harambee House, na nchi nzima tumeambiwa yaliyopita si ndwele.

Mzee akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Timu ile, alisema, kwa miaka ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha wenzake mpaka uko wapi. Wakitukana uwanjani, wanasema hatujavuka mpaka. Mwingine akilalamika, wanamwambia amevuka mpaka. Watu wao wakawaamini, wakawatetea kwa wageni, wakagombana na marafiki kwa ajili yao. "Mtu akikuibia utakasirika," alisema. "Lakini akikufanya uape mbele za watu kwamba yeye si mwizi, na mfukoni mwake..." Akaashiria suruali yake kwa mbele.

Mimi nikakumbuka kwamba mwaka 2016 sisi ndio tuliopeleka malalamiko kwa kamati kuhusu kijeba wa mtaa wa pili. Barua niliiandika mimi. Nilitumia neno "uadilifu" mara mbili.

Isitoshe, mzee alikuwa akisema kitu anachokijua kwa machungu yake. Mwaka 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, alikuwa mtu mwingine kabisa. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya bomu la Kikambala, tukapewa pointi zao. Watu wakasema ni bahati tu. Kisha tarehe 24 Februari, uwanja wa Gymkhana, Collins Obuya akaangusha wapigaji watano wa Sri Lanka na mzee akafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sikuliona tena mpaka mkewe alipofariki. Nusu fainali tukakutana na India pale Durban. Vijana walikuja mlangoni kumtania: "Mzee, leo uko upande gani?" Aliwajibu, "Kitambulisho changu kimeandikwa nini, Bombay?" Tulifungwa kwa mikimbio 91, akanywa chai bila sukari.

Mwaka uliofuata, Agosti, Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kupokea pesa za mtu wa kamari, mwenyewe akikana. Odumbe alikuwa nahodha mwaka 1996, Pune, siku Kenya ilipowaangusha West Indies wote wakiwa na mikimbio 93 tu, na ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi. Picha ya timu ile mzee aliikata gazetini akaibandika ndani ya mlango wa kabati la risiti. Habari ilipotoka hakuichana. Aliibandua akaigeuza, uso ukaelekea ubaoni, akaigandisha tena vilevile.

Nikitazama nyuma, kinachoniuma si hasira iliyokuwapo bali ile isiyokuwapo. Malindi nzima nilimwona mtu mmoja tu aliyehuzunika. Barazani ukisema Odumbe watu wanauliza ni mbunge wa wapi. Timu ikaendelea kuteremka, mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake ya kimataifa ya mechi za siku moja, na gari la samaki likapita, na mchana ukawa mchana. Waaustralia walizomea, wakalia, wakaandika, kwa sababu kitu kile ni chao. Anayezomewa bado ana wenyewe.

Mwaka huohuo wa 2018 Odumbe alipewa ukocha wa timu ya taifa. Nilimsomea mzee habari ile kwenye simu. Alifungua kabati, akaibandua picha, akaitazama kwa muda. Kisha akairudisha ilivyokuwa, mgongo mbele. "Nampa heri," akasema. "Lakini bado."

Nilisema yangu mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kwenye baraza ya mwenyekiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikasema fomu niliijaza mimi, cheti nilikiitisha mimi, mtoto hakupewa hata shilingi. Mwenyekiti akaangalia tasbihi yake. Kocha akaondoka kwenda kujibu simu ambayo haikulia. Na wengine, unajua walifanya nini? Walicheka.

"Kwani nani hakujua?" akasema mmoja. "Yule jamaa alikuwa na ndevu kuliko refa."

Walijua. Walijua walipobeba viti vyao kuja kutazama, walijua walipomshangilia, na walijua walipokuwa wakipandisha bei ya cheti kutoka mia tano hadi elfu tatu. Nilikuwa nimewaogopa bure, na nilikuwa nimemwacha mtoto bure. Mzee mmoja ambaye hazungumzi sana ndiye aliyeniuliza, "Sasa hapa unamwambia nani? Mwenye haki yuko hapa?"

Nikaenda kwa mamake usiku uleule. Alikuwa akikaanga kaimati za watoto, hakuinuka. Nikasema tena yote. Aligeuza kaimati moja, akageuza ya pili.

"Umekawia," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Mimi ni mtu mzima, nitasamehe. Lakini jina si langu." Kijana wake alikuwa amekwenda Mtwapa kwa mjombake, kujifunza useremala. Shule alikuwa ameshaiacha. Akanifungia kaimati kwenye bakuli nipelekee watoto, na njia nzima nilikuwa nimeishika bakuli ile kama nimebeba kitu cha wizi.

Mashindano ya Disemba 2018 tulirejea. Timu mpya, watoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wote nilikagua vyeti vyao mimi mwenyewe mpaka wazazi wakaona nimepata wazimu. Mechi ya kwanza, watu wa mtaa wa pili walikuja na nakala za vyeti vya kuzaliwa, wamezitoa kwa mamia, wanazipeperusha: "Cheti! Cheti! Cheti!" Watoto wetu wawili walilia. Hawakuwa na hatia yoyote, mmoja wao mwaka uliopita alikuwa hata hajahamia Malindi. Ndiyo maana huwa nashangaa mtu akisema mashabiki waachane na yaliyopita. Mashabiki wanaweza, jezi ndiyo haiwezi.

Miezi minane baadaye, Agosti 2019, Australia ilicheza Edgbaston, Uingereza, na Waingereza wakaja uwanjani na karatasi za msasa, wanazipunga. "Wametuiga," nilimwambia mzee. Warner, walipomzidi, aliigeuza mifuko yake nje kuwaonyesha haina kitu, akacheka, nao wakacheka. Smith yeye hakusema neno. Alipiga mikimbio 144, wakamzomea. Alipiga 142, wakamzomea kidogo. Msururu wa mechi ulipokwisha amefikisha mikimbio 774, na baadhi ya waliomzomea walikuwa wamesimama wanampigia makofi. Mzee alisema msamaha ule umenunuliwa kwa gongo. Nilikubaliana naye nusu. Bancroft alipiga nini? Alicheza mechi mbili tu mwaka ule akaachwa. Kwa hiyo mwenye kipaji kikubwa ana kitu cha kulipia, na mdogo aliyeonekana kwenye kamera analipia kwa nini?

Ila picha niliyoipenda kuliko zote ni ya Juni, kabla ya hayo, London. Smith amesimama karibu na mashabiki wa India, wanamzomea kwa nguvu, na Virat Kohli, nahodha wa India, aliyekuwa akipiga siku ile, akawageukia watu wake mwenyewe akawafanyia ishara: acheni, mpigieni makofi. Mzee alisimama akapiga makofi peke yake dukani, mteja aliyekuja kununua gundi akadhani anapigiwa yeye. Mimi nilikaa. Nilikuwa nafikiria baraza ile ya kahawa, na jinsi ambavyo ingenigharimu maneno matatu tu: "Mtoto hakuuza, nilichukua."

Mwaka 2021 Bancroft aliulizwa gazetini kama warushaji wa timu walijua, akajibu kwa namna iliyoacha mlango wazi. Warushaji wakatoa taarifa kukana. Mzee alinisomea zote mbili, kisha akakunja gazeti. "Hili halitakwisha," akasema, na akaniagiza nikalete makopo ya vanishi.

Kijana alirudi Malindi mwaka jana. Sikuambiwa na mtu. Aliingia dukani asubuhi, mrefu, vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli imepita sikioni. Nilimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja mbele ya mwingine, vilevile kama nyuma ya goli.

"Msasa," akasema. "120, karatasi nne. Na 220, mbili."

Nikamtolea. Alizipitisha kidole gumba moja moja, kama mtu anayejua. Nikamwambia leo asilipe. Akaweka pesa mezani, kamili, akazinyoosha kwa kiganja.

"Niandikie risiti."

Nikafungua kitabu. "Niandike jina la fundi wako?"

"Fundi ni mimi. Andika langu." Akaegemea meza. "Si unalijua?"

Nikaandika majina yote matatu. Mkono ulikuwa mzito, na herufi zikainama kulia kama kawaida yake. Akaichukua, akaisoma herufi kwa herufi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.